Tiyo za maji zinagonga na kuunguruma nyumbani: asiyewahi kushika spana aanzie wapi?

Swali la msomaji: "Papa fundi, jambo. Tunapanga nyumba ya zamani huku Nguba, Bukavu, chini karibu na ziwa. Tukifunga robine ya jikoni, kishindo kinapiga ndani ya ukuta mpaka sahani zinatikisika. Usiku watu wakishalala, juu ya dari kunatoka mngurumo mrefu, halafu unanyamaza wenyewe. Na maji yakirudi baada ya kukatika, robine zote zinakohoa na kutema. Fundi mmoja alikuja akasema tubomoe kuta tubadilishe tiyo zote. Mwenye nyumba hataki hata kusikia. Mimi sijawahi kushika spana. Kuna ninaloweza kufanya mwenyewe? Aksanti."

Mama, jambo sana. Ukuta usiguswe kwanza. Umetaja kelele tatu, kila moja ina chanzo chake, na hakuna hata moja inayoonyesha kwamba tiyo zako zimekufa. Mbili utazimaliza kwa mikono yako na vifaa vya bei ndogo. Ya tatu huenda ikamgharimu mwenye nyumba kidogo, lakini haifiki gharama ya kubomoa.

Kabla ya kununua chochote, kuna kazi ambayo mafundi wengi huiruka kwa haraka ya kufungua sanduku la vyombo, nayo ni kujua kelele inatokea saa gani. Mahali inapotokea utapajua baadaye. Chuma hubeba sauti mbali, kwa hiyo kinachogonga jikoni kinaweza kusikika kama kiko chumbani kwako, na ukifuata sikio utatoboa ukuta usiohusika. Wakati haudanganyi. Kelele inayotokea unapofunga ni ya maji yaliyosimamishwa ghafla. Inayotokea maji yakitiririka ni ya kitu kilicholegea kinachotetemeka, au njia iliyo nyembamba mno. Inayotokea robine zote zikiwa zimefungwa inakwambia kuna mahali maji bado yanapita: ama tanki linajaa, ama kuna tundu. Ile ya maji yanaporudi ni hewa. Na kama una mashine ya kuchemshia maji ya kuoga, ule mlio mdogo wa tik, tik, tik baada ya mtu kuoga ni tiyo inayopoa na kujikunyata, huo uache. Bila kujua, wewe mwenyewe umeniandikia wakati wa kila kelele, ndiyo maana naweza kukujibu bila kuingia kwako.

Jambo jingine ulilonipa bila kujua ni neno "chini". Uso wa Ziwa Kivu uko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Bukavu yote inapanda kutoka hapo. Maji yanaposhuka mlima ndani ya tiyo, kila mita 10 za kushuka huongeza karibu bari 1 ya presha. Tanki la mlimani linalokulisha likiwa mita 60 juu ya jiko lako, robine yako iliyofungwa inabeba bari 6. Ndani ya nyumba bari 3 zinatosha kabisa. Mtu anaoga vizuri, choo kinajaa, na tiyo zinanyamaza. Mchana, mtaa mzima ukichota, presha inashuka na nyumba inakuwa tulivu. Usiku watu wakifunga, presha yote inarudi kwenu mlio chini. Anayekaa Kadutu juu, ambaye maji yanamfikia kwa kubembelezwa, asinunue nitakayoyataja kuhusu kupunguza presha; shida yake ni nyingine.

Una njia ya kupima bila kifaa. Chukua bidoni la lita 20, liweke chini ya robine, fungua mpaka mwisho, hesabu sekunde kwa simu. Kwenye tiyo ya nusu inchi, bidoni likijaa kwa sekunde 100, maji yanakwenda karibu mita 1 kwa sekunde. Hiyo ni nzuri. Likijaa kwa sekunde 50, yanakwenda mita 2 kwa sekunde, na kuanzia hapo usishangae kusikia sauti. Tiyo ya chuma ya miaka mingi huwa imejaa kutu ndani, tundu lake limekuwa dogo, kwa hiyo kasi halisi ni kubwa kuliko hesabu hiyo. Fanya kipimo mchana, ukifanye tena saa 4 usiku, uandike zote mbili. Tutazihitaji.

Kishindo cha jikoni

Maji yaliyomo ndani ya tiyo yana uzito, na yakiwa mwendoni hayapendi kusimamishwa. Ukiyafungia mlango ghafla, yanaupiga, presha inaruka juu mara moja, na wimbi lake linakimbia nyuma ndani ya tiyo na kurudi. Mrusi Nikolai Zhukovsky alilipima jambo hili kwenye tiyo za maji za mji wa Moscow mwishoni mwa miaka ya 1890, na hesabu yake ndiyo mahandisi wanaitumia hadi leo. Kwa tiyo ya chuma, kusimamisha kwa ghafla maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde huongeza zaidi ya bari 10 juu ya zile zilizokuwemo. Kwa PVC, ambayo inatanuka kidogo, ongezeko ni nusu ya hapo au chini yake. Kwa hiyo nyumba ya zamani yenye tiyo za chuma, ikiwekwa chini ya mlima, ina kila sababu ya kugonga.

Nguvu hiyo si ya kudharau. Joseph-Michel Montgolfier, yule Mfaransa aliyerusha puto la hewa ya moto mwaka 1783 pamoja na ndugu yake, mwaka 1796 alitengeneza pampu isiyo na injini inayotumia kishindo hicho hicho kusukuma maji juu. Kwa miji ya milima kama yetu ningependa kuona nyingi zaidi za namna hiyo, lakini huko ni nje ya swali lako.

Sasa, nani anafunga mlango ghafla? Nenda utazame robine ya jikoni. Nadhani ni ya mkono mmoja, ile unayoigeuza robo tu na maji yanakatika. Zinapendwa kwa sababu hazichoshi mkono na hazidondoki upesi, na madukani hapa siku hizi ni vigumu kupata nyingine. Kwa nyumba ya chini zina hasara hii. Robine ya zamani ya kuzungusha ilikuwa inakulazimisha kufunga polepole, utake usitake. Hii inamwachia mtoto aipige kwa kiganja na kukimbia.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Funga kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, na zaidi ya yote ile sehemu ya mwisho ya mzunguko, kwa sababu hapo ndipo maji yanakatwa kweli. Jaribu leo jioni. Ukifunga polepole na kishindo kisitokee kabisa, umeshapata ushahidi kamili wa chanzo, hata kama hutaki kuishi maisha yako yote ukihesabu mbele ya robine.

Dawa ya pili ni kupunguza kasi. Chini ya sinki kuna vane ndogo, yaani kifungio cha maji, inayoilisha robine hiyo peke yake. Ifunge kidogo kidogo, huku robine ikiwa wazi, mpaka uone mkondo umepungua lakini bado unakutosha kuosha vyombo. Halafu funga robine usikilize. Rudia mpaka kishindo kife. Elewa tu unachofanya: vane iliyobanwa inapunguza mwendo wa maji, haipunguzi presha yaliyonayo yakiwa yamesimama. Kwa kishindo inasaidia sana. Kwa tiyo inayovuja usiku haisaidii kitu. Na kama vane hiyo ni ya tufe, yenye mkono unaogeuka robo, haikuundwa kukaa nusu wazi. Itapiga mluzi na mipira yake italika mapema. Ya kuzungusha ndiyo inayofaa kazi hii.

Onyo kuhusu vane kuukuu: usiilazimishe. Ikikataa kugeuka kwa nguvu ya mkono, iache. Kule ndani kuna shina jembamba la shaba ambalo likikatika utabaki na maji yasiyofungika, mwenye nyumba yuko Goma, na usiku umeingia. Hii ndiyo sababu kazi yoyote ya maji, hata ya kubadilisha kipande cha mpira, huanza kwa kuijua vane kubwa ya nyumba iliyo karibu na mita, na kuijaribu kama inafunga kweli. Kuanzia kwenye mita kurudi barabarani ni mali ya REGIDESO, shirika la maji, hapo usiguse.

Dawa ya tatu ni kibano, na hapa ndipo penye faida kubwa kwa anayeanza. Maji yanapopiga, tiyo inaruka. Ikiwa imeshikwa vizuri, utasikia "dup" dogo. Ikiwa inaning'inia, itapiga ukuta, itapiga mbao, itapiga tiyo ya pili, na hiyo ndiyo inayotikisa sahani. Mwambie mtu afungue na kufunga robine huku wewe umeweka kiganja juu ya tiyo kila mahali inapoonekana: chini ya sinki, nyuma ya mlango, kwenye kona ya bafu, nje ukutani. Inaporuka chini ya kiganja chako, hapo panahitaji kibano.

Nunua vibano vya ukubwa wa tiyo yako, skurubu na vizibo vya plastiki vya ukutani. Kama huna mashine ya kutobolea, azima. Kata vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, vizungushe tiyo pale kibano kitakapokaa, kisha kaza mpaka tiyo isicheze, bila kuifinya. Mpira huo una kazi mbili: unazuia chuma kugusana na chuma, na unameza mtetemo usiingie ukutani. Kwa PVC ya nusu inchi weka kibano kila sentimita 60 hivi. Kwa chuma mita 1 na nusu hadi 2 inatosha. Kona zinataka kibano upande wa kabla na upande wa baada, kwa sababu maji yanapokata kona ndipo yanaposukuma zaidi. Pale tiyo inapopenya ukuta na saruji imeng'oka, tundu limebaki pana, usijaze saruji mpya. Sokomeza vipande vya mpira au tambaa gumu kuizunguka. Saruji ikiikumbatia, ukuta mzima unageuka spika.

Kwa wenzetu wenye nyumba za mbao, hii ya vibano pekee mara nyingi humaliza shida yote. Tiyo iliyopigiliwa kwa misumari iliyokunjwa juu ya ubao hupiga kelele isiyolingana kabisa na ukubwa wa tatizo.

Zikishindikana zote tatu, kuna chumba cha hewa. Ni kipande cha tiyo kinachosimama wima, kimezibwa juu, kimeungwa karibu na robine inayogonga. Ndani yake mnabaki hewa, na hewa hukubali kubanwa. Wimbi likija linaisukuma hewa badala ya kuupiga mlango. Kiwe na urefu wa sentimita 30 au zaidi, na kikiwa kipana kuliko tiyo yenyewe ni bora. Vitabu vya kizungu hukiponda kwa sababu hewa huyeyuka majini polepole, baada ya muda chumba kinajaa maji na kishindo kinarudi. Ni kweli, kule ambako maji hayakatiki. Kwetu, kila yanapokatika na tiyo kukauka, hewa inarudi chumbani yenyewe. Ni mara moja ninapopata la kuwashukuru REGIDESO kwa kukata maji.

Mngurumo wa usiku juu ya dari

Huu si mzimu, na wala si pampu ya jirani kama watu wanavyopenda kudhani. Juu ya dari una tanki, na ndani ya tanki kuna robine ya boya, ile yenye mkono na mpira wa mviringo unaoelea. Usiku presha inarudi, tanki linaanza kujaa, boya linapanda na kufunga njia taratibu. Karibu na mwisho njia inakuwa nyembamba sana, maji yanapenya kwa kasi, kipande cha mpira ndani kinaanza kutetemeka, na tiyo yote inaimba nacho. Juu ya hayo, maji ndani ya tanki yanafanya mawimbi madogo, boya linacheza juu yake, linafungua na kufunga, kufungua na kufunga. Tanki likijaa kabisa, kimya. Umesema mngurumo unanyamaza wenyewe, ndivyo ilivyo.

Uhakikishe. Panda na tochi wakati unanguruma, ukanyage juu ya mbao na si juu ya ubao wa dari. Fungua mfuniko, bonyeza boya chini kidogo kwa kidole. Njia inafunguka wazi, na mngurumo unakatika au unabadilika papo hapo. Choo nacho kina boya lake, na kelele yake hupimwa vivyo hivyo: toa mfuniko wa tanki la choo, bonyeza, sikiliza.

Matengenezo ni haya, na hii ndiyo kazi ningekupa iwe ya kwanza ya spana. Funga vane inayolisha tanki. Hakikisha imefunga: bonyeza boya chini, pasitoke maji. Kama robine ya boya ni ile ya shaba ya kawaida, utaona kipini chembamba kimepita katikati pale mkono wa boya unaposhikana na mwili. Kinyooshe ncha zake kwa koleo, kivute. Mkono utatoka na boya lake, na nyuma yake pistoni ndogo itateleza nje, nene kama kidole chako. Pokea kwa mkono mwingine isianguke tankini. Mwisho wa pistoni hiyo una kifuniko cha skurubu. Shika mwili kwa bisibisi iliyopita kwenye tundu lake, zungusha kifuniko kwa koleo. Ndani utakuta duara dogo la mpira. Likiwa limechimbika mviringo katikati, au limekuwa gumu halibonyei kwa ukucha, ndilo mkosaji. Lipeleke hilo hilo dukani, usieleze kwa mdomo, uliza linalofanana. Ukilikosa siku hiyo, ligeuze upande wa pili. Upande mzima utakushikilia kwa muda.

Kabla ya kurudisha, ingiza kidole pale pistoni ilipokuwa, upapase mdomo mdogo ambao mpira unaukalia. Mara nyingi hapo kuna mchanga, zawadi ya maji yanayorudi na udongo. Futa kwa kitambaa. Paka pistoni mafuta kidogo ya kupikia au ya silikoni, kamwe si mafuta ya injini, maana haya ni maji mnayokunywa. Rudisha kwa mpangilio ule ule, kunja ncha za kipini, fungua vane polepole. Kama ya kwako ni ya plastiki ya kisasa, haina pistoni. Ina kifuniko unachozungusha kwa mkono na utando mwembamba wa mpira ndani. Safisha utando, au ununue robine nzima, kwani bei haitofautiani sana na usumbufu.

Kwa lile boya linalocheza, kuna ujanja wa mafundi wa zamani usio na gharama. Kata kitako cha chupa safi ya maji, kirefu kama kiganja, kining'inize kwa waya wa shaba kwenye mkono wa boya, kikae ndani ya maji kimejaa maji. Boya likitaka kuruka juu na chini, lazima liburute kikombe hicho kizito, linatulia. Waya usiguse ukuta wa tanki.

Halafu tazama tiyo inapoingilia tanki. Tanki la plastiki lina ukuta laini, unaotetemeka pamoja na tiyo. Kibano kimoja sentimita 20 kabla ya tanki, na kipande cha ubao kilichobana ukuta wake hapo kwenye kiungo, vitakata nusu ya sauti hata kabla hujabadilisha mpira.

Kukohoa maji yanaporudi

Hii ni hewa tu, lakini ndiyo inayoharibu vitu zaidi kuliko zile mbili. Maji yakikatika, nyumba za chini zinaendelea kunyonya kilichobaki na tiyo zinajaa hewa. Yakirudi, yanaisukuma hewa hiyo mbele kwa kasi. Hewa inapita robine kirahisi, maji yanakuja nyuma yake na kugonga pale pale. Mita nayo inazunguka kwa hewa kama inavyozunguka kwa maji, na hilo utalisikia kwenye mfuko.

Watu wengi huacha robine wazi ili wasikie yakirudi. Nawaelewa, bidoni hazijijazi zenyewe. Lakini fanya hivi: maji yakikatika, funga robine zote, na vane kubwa uifunge mpaka ibaki mzunguko mmoja tu. Acha robine moja wazi, ile ya uani iliyo chini kabisa, na bidoni chini yake. Yakirudi, udongo na sehemu kubwa ya hewa vitatokea hapo, nje ya nyumba. Yakishakuwa safi ifunge taratibu, fungua robine iliyo juu kabisa nyumbani ili hewa iliyokwama ipate njia, na ndipo uongeze vane kubwa, mzunguko baada ya mzunguko. Ikiacha kutema, funga. Tanki la dari lifunguliwe mwisho wa yote.

Chota glasi ya maji ya kwanza ya jikoni. Yakiwa meupe kama maziwa, iache mezani. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, ni hewa, hayana neno. Uchafu ukishuka chini ya glasi, endelea kumwaga.

Na kwa kuwa tuko Kivu Kusini, ambako kipindupindu hakijawahi kutuaga, niongeze hili hata kama hukuuliza. Maji yakikatika, tiyo hunyonya. Mpira wa bustani uliotumbukizwa ndani ya ndoo ya nguo huku robine yake iko wazi utarudisha maji hayo ndani ya tiyo, na tiyo zinazopita kwenye mifereji zikiwa na tundu hunyonya kilichomo mferejini. Tiyo inayonyonya haina kelele kubwa. Utasikia tu mfyonzo mdogo kwenye robine iliyo wazi. Funga.

Fundi aliyetaka kubomoa

Kuna siku ambapo angekuwa na haki, kwa hiyo tuangalie kama siku hiyo imefika. Rudi kwenye sekunde zako za bidoni. Pima robine ya uani iliyo karibu na mita, kisha ya jikoni, saa ile ile. Ya uani ikijaza kwa dakika 1 na ya jikoni kwa dakika 4, na vane ya chini ya sinki iko wazi kabisa, kutu imekaba tiyo ya katikati. Dalili nyingine ni maji mekundu kila asubuhi kwenye robine moja, yakisafika baada ya kumwagwa. Zikikutana zote mbili, kipande hicho kweli kibadilishwe. Hata hivyo tiyo mpya haihitaji kufuata njia ya zamani. Ile mbovu inakatwa na kuzibwa, inaachwa humo ukutani, na mpya inapita nje ya ukuta kwa vibano. Haipendezi macho sana, lakini ikivuja utaiona. Fundi akiunganisha PVC, mwachie gundi ikauke saa 24 kabla ya kuirudishia presha, hata akisema "ni sawa sasa hivi". Na PVC ya kawaida isibebe maji ya moto.

Zisipokutana, huenda shida yenu ni presha, na hiyo ina dawa yake: kipunguza presha kinachofungwa mara moja tu, baada ya mita na vane kubwa, kikirekebishwa kwenye bari 3. Kinaipumzisha nyumba nzima, pamoja na mipira ya robine ambazo mwenye nyumba analipia. Mwambieni anayekifunga aweke kichujio kabla yake, kwa sababu udongo wa maji yanayorudi utakiziba haraka. Hii si kazi ya kuanzia, Mama. Kukata tiyo ya chuma karibu na mita, huku spana moja ikishika na nyingine ikizungusha ili usivunje kiungo cha pili, mwachie mwenye mazoea. Wewe unaweza kumfungia utepe wa tefloni tu, ukizungusha upande ule ule ambao nati itakaza.

Mwenye nyumba hatakubali kwa maneno. Azima manometa kwa fundi, kile kipima presha chenye uso wa saa, uifunge kwenye robine ya uani jioni na kufungua robine hiyo. Nyumba nzima ifunge maji. Amka saa 9 usiku uipige picha, uipige tena saa 6 mchana. Ikisoma bari 6 usiku, mpelekee picha hizo mbili pamoja na bei ya kipunguza presha, na pembeni yake bei ya yule fundi ya kubomoa kuta. Ikisoma bari 3 au chini, usinunue. Nitumie namba hizo pamoja na sekunde za bidoni, tutafute upande mwingine.